Mzigo ni wa Jamhuri, na Jamhuri iubebe

Agosti 17, 2009, Jaji Salum Massati wa Mahakama Kuu alipomaliza kusoma hukumu ya kesi ya mauaji iliyomkabili ofisa wa polisi Abdallah Zombe na wenzake, na washtakiwa tisa waliokuwa wamebaki kizimbani wakaambiwa waende zao, nchi ilipigwa na butwaa. Kwenye daladala, vijiweni na majumbani swali lilikuwa moja: kwa hiyo wale wanne walijiua? Swali lilikuwa halali kabisa. Tatizo ni kwamba lilipelekwa kwa mtu asiyehusika. Watu walimuuliza jaji, na hadi leo wapo wanaomuuliza yeye.

Gazeti hili halioni sababu ya kumumunya maneno. Hukumu ile haikuwa aibu ya Mahakama. Ilikuwa aibu ya Jamhuri. Mauaji yalihusu askari wa Serikali, bunduki za Serikali, magari ya Serikali na madaftari ya zamu ya vituo vya Serikali. Haijapata kuwapo kesi ambayo upande wa mashtaka ulikuwa karibu zaidi na ushahidi kuliko ile. Na bado, askari aliyetajwa mahakamani kuwa ndiye aliyefyatua risasi hakufikishwa kizimbani. Alitoweka, na kesi ikaendelea bila yeye.

Kwa walio wadogo au waliosahau, mambo yalikuwa hivi. Januari 14, 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, mkoani Morogoro, pamoja na dereva wa teksi aliyekuwa akiwaendesha, walikamatwa na polisi maeneo ya Sinza, Dar es Salaam. Hawakuonekana tena wakiwa hai. Polisi walitangaza kwamba waliouawa ni majambazi, kwamba walikuwa wamepora fedha za kampuni, na kwamba wamekufa katika majibizano ya risasi karibu na ukuta wa Posta palepale Sinza. Ndugu wa marehemu hawakukubali. Rais Jakaya Kikwete, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia Ikulu, aliunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka, na hadithi ya majibizano ya risasi ikasambaratika. Watu wale walipelekwa msitu wa Pande, nje kidogo ya jiji, wakapigwa risasi huko.

Msomaji aliangalie jambo hili kwa makini kabla hatujaenda mbali. Watu wanne walishtakiwa, wakatiwa hatiani, wakahukumiwa na kuuawa ndani ya saa chache, na hakuna aliyedaiwa ushahidi hata wa karatasi moja. Hawakupewa wakili. Hawakuulizwa walikuwa wapi saa ya uporaji. Aliyewatuhumu ndiye aliyewahukumu. Kisha, waliotuhumiwa kuwaua walipofikishwa mahakamani, walipewa kila kitu ambacho marehemu walinyimwa: mawakili, mashahidi wa kuhojiwa, jaji asiye na upande, na kanuni kwamba asiyethibitishiwa kosa hana kosa. Familia ilipoyaona haya mawili yakiwekwa bega kwa bega iliumia, na ilikuwa na haki ya kuumia. Lakini anayesema dawa yake ilikuwa kuwanyima na washtakiwa kile walichonyimwa marehemu, huyo anataka msitu wa Pande uhamishiwe Mahakama Kuu.

Kulikuwa na sababu nyingine iliyofanya hukumu ile ionekane kama mzaha. Wananchi walikuwa wamekwisha kusikia matokeo ya tume, na kwao kesi ilikuwa imeisha. Tume na mahakama ni vitu viwili. Tume huweza kusikiliza habari za kuambiwa, huweza kuamini mtu ambaye hakuhojiwa na upande wa pili, na mwisho wake ni ripoti. Mahakama ikimtia mtu hatiani kwa kosa la kuua kwa kukusudia, chini ya Kanuni ya Adhabu yetu, mwisho wake ni amri ya kunyongwa hadi kufa. Kile kilichotosha kwa ripoti hakiwezi kutosha kwa kitanzi. Kazi ya waendesha mashtaka ilikuwa kuchukua yale ambayo tume iliyaona na kuyageuza kuwa ushahidi unaosimama kwa miguu yake mbele ya wakili anayeuponda. Jaji Massati aliona kwamba waliofyatua risasi hawakuwa mbele yake, na akataka Polisi wawatafute.

Sheria haina mafumbo katika jambo hili. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inapiga marufuku kumtendea mtu aliyeshtakiwa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa. Sheria ya Ushahidi inasema jambo katika kesi ya jinai limethibitika pale mahakama inaporidhika kwamba limethibitishwa bila kuacha shaka ya maana. Anayetakiwa kuiridhisha mahakama ni Jamhuri, tangu shahidi wa kwanza hadi wa mwisho. Mshtakiwa hana wajibu wa kuthibitisha kwamba hana hatia. Mahakama ya Rufaa ilisema hivyo waziwazi mwaka 1986 katika kesi ya Joseph John Makune, na imerudia mara nyingi kiasi kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sheria anaijua kwa moyo. Mshtakiwa anaweza kukaa kimya na kesi ikaishinda Jamhuri. Ziko nafasi chache ambazo yeye ndiye huthibitisha, kama anapodai kwamba alikuwa na wazimu alipotenda, na hata hapo kipimo chake ni chepesi.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya Wazungu tuliyoachiwa. Kweli, mlango yaliyoingilia ni huo. Kesi inayotajwa zaidi ni ya kijana mmoja wa Kiingereza, Reginald Woolmington, mfanyakazi wa shambani mwenye umri wa miaka 21, aliyempiga risasi mkewe Desemba 1934 na kusema bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya alipokuwa akimtisha kwamba atajiua. Jaji aliyesikiliza kesi aliwaambia wazee wa baraza kwamba ikishathibitika mtu ameua, ni juu yake kuonyesha kuwa ilikuwa ajali. Kijana akahukumiwa kifo. Mwaka 1935 Mahakama ya juu ya Uingereza ilifuta hukumu hiyo na kusema mzigo haumhamii mshtakiwa. Tunaulizwa kwa nini tufuate hayo. Tunajibu kwa kuuliza ni lini mkoloni alimtendea Mwafrika kwa kipimo hicho. Waliokamatwa kwa msako, wakawekwa vizuizini bila kesi, wakahukumiwa kwa neno la mkuu wa wilaya, ndio wanaojua thamani ya kanuni hii. Tuliipata kwa Uhuru kuliko tulivyoipata kwa ukoloni.

Hata hivyo, shaka inayozungumzwa si kila wasiwasi unaomjia mtu. Jaji hatakiwi kuwa na ujuzi wa Mungu. Anatakiwa autazame ushahidi wote kwa pamoja na ajiulize kama umebaki na uwezekano mwingine wenye akili, unaotokana na ushahidi wenyewe, unaomwacha mshtakiwa bila hatia. Shaka ya kubuni, ile ya wakili anayesema labda marehemu alianguka juu ya panga mara saba, haimwokoi mtu. Pale ambapo hakuna aliyeona tukio na ushahidi ni wa mazingira tu, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka kipimo mwaka 1958 katika kesi ya Simon Musoke: mambo yanayomlemea mshtakiwa lazima yasiweze kupatana na kutokuwa kwake na hatia, na yasielezeke kwa namna nyingine yoyote ya maana. Ni kipimo kigumu, lakini kila mwaka watu hutiwa hatiani kwa kipimo hichohicho, pale ambapo mpelelezi amefanya kazi.

Na pale ambapo hakufanya? Tuitazame kesi ya aina inayojulikana vizuri na kila anayehudhuria vikao vya Mahakama Kuu mikoani. Nyumba imevamiwa saa nane za usiku, mzee amekatwa mapanga. Mjane anapanda kizimbani, anaapa, anamnyooshea kidole mshtakiwa: ndiye huyu, namjua tangu akiwa mtoto. Ukumbi mzima unaamini. Kisha wakili wa utetezi anasimama. Kulikuwa na mwanga gani? Taa ya sola. Ilikuwa wapi? Sebuleni, imetundikwa ukutani. Wewe ulikuwa wapi? Chumbani, chini ya kitanda. Waliingia na nini? Na tochi. Walikumulika? Walinimulika usoni. Uliwaangalia kwa muda gani? Kimya. Majirani walipokuja uliwatajia nani? Nilikuwa nalia. Wakili anaomba maelezo aliyoyaandikisha polisi asubuhi yake. Jina la mshtakiwa halimo. Limeingia kwenye maelezo ya nyongeza, yaliyoandikwa siku ya tisa, baada ya mshtakiwa kukamatwa.

Tangu mwaka 1980, katika kesi ya Waziri Amani, Mahakama ya Rufaa ilishasema ushahidi wa utambuzi wa macho ni wa aina dhaifu mno, na mahakama isiutegemee mpaka uwezekano wote wa kufananisha watu uwe umeondolewa. Shahidi alikuwa umbali gani, mwanga ulikuwa na nguvu kiasi gani, alimwona kwa muda gani, alikuwa akimfahamu kabla. Mwaka 2002, katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita, ikaongeza kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni dalili kubwa ya kuaminika kwake, na kuchelewa bila maelezo ni jambo la kuifanya mahakama ijiulize. Hizi si siri. Zimo kwenye vitabu vya mafunzo ya upelelezi. Askari aliyeandika maelezo ya mjane yule hakumuuliza taa ilikuwa wapi. Hakumuuliza uliwataja kwa nani. Hakuipima sebule kwa hatua. Hakumtafuta jirani wa kwanza kufika. Mjane huenda alikuwa akisema kweli tupu, na muuaji wa mume wake akatoka mlangoni kwa sababu ya karatasi iliyojazwa kwa uvivu. Halafu mjane anaambiwa jaji amehongwa.

Kuna hili nalo, linalowachanganya wengi: mshtakiwa akishikwa na uongo. Watu husema, kama hakuua mbona amedanganya? Anaweza kudanganya kwa sababu ameua. Anaweza pia kudanganya kwa sababu usiku ule alikuwa kwa hawara, au alikuwa akiuza gongo, au kwa woga tu wa kuwekwa ndani. Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 1992, katika kesi ya Christian Kale, kwamba mtu hatiwi hatiani kwa udhaifu wa utetezi wake bali kwa nguvu ya ushahidi wa mashtaka. Uongo wake unaweza kuongeza uzito juu ya ushahidi uliopo. Pasipo na ushahidi, uongo hauna cha kuongezea. Pamoja na hayo, bado tunawasikia mawakili wa Serikali, wengine wenye miaka mingi kazini, wakihitimisha hoja zao kwa kumsuta mshtakiwa kwamba hakuleta shahidi wa kuthibitisha alikokuwa.

Kesi za mauaji zinakufa kwa njia zinazojulikana, na nyingi hufa kabla hazijamfikia jaji. Maelezo ya onyo ya mtuhumiwa yanatakiwa kuandikwa ndani ya muda wa saa nne tangu akamatwe, labda muda huo uongezwe kwa utaratibu wa sheria. Mtuhumiwa anazungushwa kituo hadi kituo, anaandikwa keshokutwa, kisha upande wa mashtaka unashangaa mahakama inapoyatupa. Panga lenye damu linachukuliwa bila hati ya ukamataji mali, linafungwa kwenye mfuko wa rambo, linakaa kwenye kabati la kituo bila mtu kusaini, na linapofika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali hakuna anayeweza kuapa kwamba ndilo lilelile. Daktari aliyeuchunguza mwili amehamia mkoa mwingine na hakuitwa. Mtuhumiwa anakiri mbele ya polisi, anakana mahakamani akisema alipigwa, kesi ndani ya kesi inaendeshwa, na askari watatu wanatoa saa tatu tofauti. Mahakama za ukanda huu zimekuwa zikionya juu ya kukiri kunakokanwa tangu kesi ya Tuwamoi ya Uganda, mwaka 1967. Mpelelezi anayeendelea kutegemea kukiri peke yake, zaidi ya nusu karne baadaye, amechagua njia ya mkato, na njia hiyo mara nyingi hupita kwenye chumba ambacho mtuhumiwa ananing'inizwa.

Tuirudie kesi ya Pande, kwa kuwa haikuishia kwa Jaji Massati. Mkurugenzi wa Mashtaka alikata rufaa. Mwaka 2013 rufaa hiyo ilitupwa kwa sababu ya kasoro katika taarifa ya kusudio la kukata rufaa. Kosa la kwenye karatasi, katika mashtaka mazito kuliko yote yaliyowahi kufunguliwa dhidi ya maofisa wa polisi nchini, lililotoka katika ofisi ambayo kazi yake ni karatasi hizo. Jamhuri ililazimika kuanza upya. Septemba 2016, zaidi ya miaka kumi tangu mauaji, Mahakama ya Rufaa ilimtia hatiani mtu mmoja, Christopher Bageni, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa Wilaya ya Kinondoni, na kumhukumu kunyongwa. Zombe na wengine waliachwa huru, na anayeheshimu sheria anapaswa kuliheshimu hilo pia: mahakama mbili zimesema ushahidi dhidi yao haukufika. Huwezi kuipongeza mahakama kwa jina moja na kuikana kwa majina mengine katika hukumu ileile.

Kwamba mzigo huu unabebeka, majirani zetu wametuonyesha. Juni 23, 2016, wakili Willie Kimani, mteja wake ambaye alikuwa mwendesha bodaboda, na dereva wa teksi waliyoipanda, walitoka kwenye mahakama ya Mavoko, kaunti ya Machakos, Kenya, wakapotea. Mteja alikuwa amemshtaki ofisa wa polisi wa utawala kwa kumpiga risasi. Miili yao ilipatikana siku kadhaa baadaye mtoni, eneo la Ol Donyo Sabuk. Ukiyatazama kwa juu, mambo yanafanana na Pande kiasi cha kutisha: askari, watu wasio na silaha, dereva wa teksi asiyehusika na lolote, maiti mbali na mji. Kuanzia hapo njia zinaachana. Wapelelezi wa Kenya walifuatilia rekodi za simu na minara iliyozipokea, saa kwa saa. Waliifikia hadi karatasi ya chooni iliyoandikwa ombi la msaada na namba ya simu, iliyotupwa nje ya seli ya kituo cha polisi wa utawala Syokimau na kuokotwa na mpita njia. Mmoja wa washtakiwa alikiri, kisha akakana, na mahakama ikakuchunguza kukiri huko kabla ya kukupokea. Haikuwa kazi ya siku mbili. Ilichukua miaka sita. Julai 22, 2022, Jaji Jessie Lessit aliwatia hatiani washtakiwa wanne, watatu kati yao wakiwa askari.

Na siku hiyohiyo jaji huyohuyo alimwachia mshtakiwa wa tano, naye askari, kwa sababu ushahidi haukumgusa vya kutosha. Hapa ndipo wanaolaumu mahakama wangetulia kidogo. Jaji aliyekuwa na ujasiri wa kuwatia hatiani askari watatu wangemwita shujaa. Kwa mmoja aliyemwachia wangemwita mwoga. Alikuwa akitumia kipimo kimoja. Februari 3, 2023, alimhukumu kifo ofisa Fredrick Leliman, na wengine watatu vifungo vya miaka 30, 24 na 20, kila mmoja kwa kadiri ya sehemu aliyoshiriki. Uwezo huo wa kupima adhabu majaji wa Kenya wameupata tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu, Desemba 2017. Kwetu, jaji akishasema umeua kwa kukusudia, mdomo wake umefungwa, adhabu imeshaandikwa. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha kwetu, ilisema katika shauri la Ally Rajabu kwamba adhabu ya kifo isiyompa jaji nafasi ya kuchagua inakiuka haki ya kuishi. Kwamba hatujamnyonga mtu tangu miaka ya 1990 hakupunguzi uzito. Mtu anayeketi miaka 20 gerezani akisubiri kitanzi kisichokuja anatumikia adhabu ambayo hakuna sheria iliyoitunga.

Kwa hiyo tunapowasikia watu wazima, wengine wakiwa na vyeo, wakipendekeza kwamba katika makosa fulani mzigo uhamishiwe kwa mshtakiwa, eti kwa sababu wahalifu wanachoropoka, tunawaambia hapana. Mshtakiwa wa mauaji hana dhamana. Yuko Segerea au Keko, hana simu, hana nauli ya shahidi wake wa Kigoma, hana maabara, hana amri ya kupata rekodi za kampuni ya simu. Mwenye hivyo vyote ni Jamhuri. Kumwambia wa kwanza ndiye athibitishe ni dhuluma, hata kama wapiga makofi ni wengi.

Na uzembe huu hauwafaidii wenye hatia peke yao. Mtu anakamatwa kwa fununu, anafikishwa mahakama ya wilaya, anasomewa shtaka la mauaji na kuambiwa asijibu lolote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka. Anapandishwa karandinga. Kila baada ya wiki mbili anarudishwa kusikia sentensi ileile: upelelezi haujakamilika. Miezi inakuwa miaka. Siku moja Mkurugenzi wa Mashtaka anasema hana nia ya kuendelea na shauri, na mtu anatolewa langoni na nguo alizoingia nazo, mke ameshaolewa, shamba limeshauzwa. Hakuna anayeandika kwamba hapa Jamhuri imeshindwa kesi, maana kwenye takwimu za ofisi halihesabiwi kuwa kushindwa. Mtu akishtakiwa kabla ushahidi haujapatikana, asiye na hatia anaozea mahabusu na mwenye hatia anaachiwa mwisho wa kesi. Upelelezi mbovu unawaumiza wote wawili kwa zamu.

Makamanda wa mikoa nao wana sehemu yao. Ile tabia ya kuwapanga watuhumiwa mbele ya kamera, mapanga na bastola mezani, na kuwatangaza kuwa ni wauaji wa fulani, ikome. Kwanza inavunja Katiba. Pili inaharibu kesi yenyewe: shahidi aliyemwona mtuhumiwa kwenye runinga Jumatatu hana tena maana kwenye gwaride la utambulisho la Alhamisi, na wakili wa utetezi anajua. Tatu, tumeshaona inakofika. Wafanyabiashara wa Mahenge na dereva wao walitangazwa majambazi kwa midomo ya polisi, na kwa siku kadhaa nchi iliamini.

Tunayoyataka si mengi na hayahitaji semina. Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye tangu mwaka 2018 ana Ofisi ya Taifa ya Mashtaka inayojitegemea, akatae majalada mabichi. Wakili wake akiona maelezo ya utambuzi hayana taa wala umbali, alirudishe jalada kwa mpelelezi, na jina la mpelelezi liandikwe. Kila kesi ya mauaji inayoanguka mahakamani ifanyiwe tathmini ya maandishi: ilianguka wapi, kwa kosa la nani, na hatua gani imechukuliwa. Tathmini hizo zichapishwe kila mwaka, ili mjane ajue ni nani alimwangusha. Mkuu wa Jeshi la Polisi aseme hadharani msako wa yule askari wa Pande umefikia wapi, kwa kuwa kosa la mauaji halina ukomo wa muda. Na askari anapotuhumiwa kuua, asichunguzwe na mwenzake wa kantini moja. Kenya walitunga sheria ya mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi mwaka 2011. Sisi bado tunaunda tume kila yanapotokea.

Linabaki la Bunge. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilimkabidhi Rais ripoti yake Julai 2023. Ilizunguka nchi nzima na kusikia haya tunayoyaandika kutoka kwa watu yaliyowapata, na miongoni mwa mapendekezo yake ni kuwapo kwa chombo cha upelelezi kinachojitegemea, nje ya Jeshi la Polisi, na kukoma kwa ukamataji wa watu kabla ya upelelezi. Wabunge waichukue ripoti hiyo na kumuuliza waziri mwenye dhamana, pendekezo kwa pendekezo, kipi kimeshatungiwa sheria, kipi kimetengewa fedha na kipi kimewekwa kabatini. Waziri ajibu kwa tarehe, na akisema mchakato unaendelea, Spika asilipokee jibu hilo.